Kamera ya video chini ya maji: mtu wa Kolwezi aanze kuangalia kasha

Kobalti inayotoka Kolwezi na Fungurume inarudi Kolwezi ikiwa ndani ya betri ndogo ya kamera. Inatoka kwa lori kupitia Kasumbalesa, inavuka bahari, inapita viwandani, na mwisho inakuja kulala ndani ya kabati la kioo la muuzaji katikati ya mji. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Kwa hiyo kamera ya kuzamia nayo si kitu cha wageni peke yao. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kutueleza namna ya kuichagua, kwa sababu ziwa na bahari viko mbali na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajawahi kuzama hata mita 2.

Kuna wakaaji wa Lualaba, wafanyakazi wa kampuni za migodi na wafanyabiashara, wanaokwenda likizo Zanzibar, Mombasa au Kalemie na kutaka kurudi na video ya samaki. Dukani wanaambiwa: “Hii haiingii maji.” Neno hilo peke yake halitoshi. Uliza: haiingii maji hadi mita ngapi?

Maji yana uzito. Kila unaposhuka mita 10, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani. Kwenye mita 10 ni mara 2, kwenye mita 30 ni mara 4. Mzamiaji aliyepata cheti cha kwanza anaruhusiwa kufika mita 18, na mwenye cheti cha pili mita 30. Sasa linganisha na kamera zenyewe. GoPro HERO13 Black, iliyotoka Septemba 2024 kwa bei ya karibu dola 400 Marekani, inavumilia mita 10 ikiwa uchi, bila kasha. DJI Osmo Action 5 Pro, ya mwezi huohuo, inavumilia mita 20. Zote mbili zikivalishwa kasha lao zinafika mita 60. OM System TG-7, ambayo ni kamera ya picha inayopiga pia video, inaishia mita 15, na kasha lake linaipeleka mita 45. TG-7 ni nzuri zaidi kwa mtu anayependa vitu vidogo, konokono au samaki wa ukubwa wa kidole, kwa sababu inaweza kukaribia sana bila picha kuwa na ukungu.

Na simu? Simu ya bei inayosemwa haiogopi maji imepimwa kwenye maji safi yaliyotulia, kwa nusu saa, kwenye mita chache tu. Apple yenyewe haihesabu uharibifu wa maji ndani ya garanti yake. Tusiiongelee zaidi.

Wanaonunua kamera iliyotumika waangalie jambo jingine. GoPro nyingi zilianza kuvumilia maji bila kasha kuanzia HERO5 ya mwaka 2016. Nyingi za HERO4 na zilizotangulia, ambazo bado zinazunguka sokoni, zikiingia majini bila kasha zimekwisha siku hiyohiyo. Tena kasha la HERO8 haliingii kwenye HERO9, hata kama muuzaji anaapa. Lete kamera, ivalishe kasha mbele yake, funga, bonyeza vitufe vyote. Hapo ndipo utoe pesa. Kioo cha kugusa hakisikii kidole chini ya maji, kwa hiyo vitufe vya kasha ndivyo utakavyotumia kuwasha na kuzima.

Kuhusu zile kamera zisizo na jina zinazoandikwa “4K” kwa herufi kubwa na kuuzwa kwa bei ya viatu: nyingi zinachukua picha ndogo na kuivuta iwe kubwa. Lakini tatizo langu nazo si picha. Ni kasha la plastiki nyembamba linaloandikwa mita 30 na hakuna anayejua nani alilipima.

Pete ya mpira na vumbi letu

Kasha halizuii maji kwa sababu ya plastiki. Linazuia kwa sababu ya pete moja ya mpira, nyembamba, inayozunguka mlango wake, sawa na ile ya bomba la maji. Unywele mmoja juu ya pete hiyo unatosha kuingiza maji. Punje moja ya mchanga pia inatosha.

Hapo ndipo Kolwezi inapokuwa mahali pabaya pa kufungia kasha. Anayeishi Manika au Dilala, karibu na barabara ya malori ya migodi, anajua vumbi jekundu la mwezi wa Julai: liko mezani, liko ndani ya kabati, liko kwenye mkate. Kasha lililokaa wazi usiku mmoja nyumbani tayari lina vumbi kwenye mfereji wa pete. Litunze ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kabla ya kuzama, toa pete kwa kidole au kwa kipande cha kadi, wala si kwa kisu. Ioshe kwa maji safi, ikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ipake mafuta kidogo sana ya silikoni, yale ya mtengenezaji. Mafuta mengi hayazibi zaidi. Yanakamata vumbi tu. Vaselini isitumike, inaweza kuharibu mpira.

Muda wa mvua una shida yake. Ukifunga kasha nje mwezi wa Januari, hewa iliyojaa unyevu inafungwa ndani. Kamera ikipata joto na maji ya nje yakiwa baridi, unyevu huo unakuwa ukungu kwenye kioo, na video yote inatoka kama imepigwa ndani ya jiko la kuni. Funga kasha ndani ya chumba kikavu, na weka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, kama vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Jambo la tatu linahusu urefu wa nchi yetu. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukifunga kasha hapa na kulifungua Zanzibar, linaweza kukataa kufunguka, kwa sababu hewa nzito ya pwani inausukuma mlango. Ukilifunga pwani na kupanda nalo ndege, hewa ya ndani inasukuma pete kutoka ndani kwenda nje, upande ambao haikutengenezwa kuuzuia. Kwenye ndege, kasha lisafiri wazi, au pete iwe pembeni.

Kabla ya kuiamini, lizamishe kasha likiwa tupu ndani ya ndoo kwa nusu saa, na karatasi laini ya chooni ndani yake. Karatasi ikitoka kavu, lishushe tena tupu kwenye mzamo wa kwanza. Kamera iingie kwenye mzamo wa pili.

Rangi inapotea kabla ya pesa kupotea

Wanaoona video yao ya kwanza wanalalamika kwamba kila kitu ni bluu au kijani. Kamera haijaharibika. Maji yanakula rangi, na nyekundu inakufa kwanza, karibu na mita 5. Baadaye inafuata ya chungwa, kisha njano. Damu ya kidole kilichojikata kwenye mita 20 haionekani tena nyekundu.

Dawa ni mbili. Ya bei ndogo ni kioo chekundu kinachobandikwa mbele ya kasha. Kinafanya kazi vizuri kati ya mita 5 na 20 penye jua. Kwenye maji ya kijani, kama ya maziwa mengi, kioo cha zambarau iliyokolea kinafaa zaidi. Dawa ya pili ni taa, na taa ikiwaka kioo kinaondolewa. Kwangu mimi, mwenye dola 600 anunue kamera ya kawaida na taa nzuri badala ya kumaliza zote kwenye kamera mpya kabisa. Taa ishikwe mbali na lenzi, kwa pembeni, la sivyo kila chembe ndani ya maji itang’aa kama theluji.

Usisahau kadi ya kumbukumbu. Video ya 4K kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Anayelipa megabaiti za intaneti kwa dola ataelewa kwa nini 1080p mara nyingi inatosha kwa kutumia familia.

Wapi kwa kuzama, wapi kwa kuacha

Jirani na Kolwezi kuna maji mengi, na hapa lazima tuseme wazi. Ziwa Nzilo lilizaliwa miaka ya 1950, wakati mto Lualaba ulipozibwa kwa bwawa la umeme lililoitwa Delcommune wakati wa Wabelgiji. Lina miti iliyozama, nyavu za wavuvi, na maji yasiyoona mbali. Karibu na ukuta wa bwawa, maji yanavutwa kwenda kwenye mashine. Halafu eneo hilo lina ulinzi. Kamera bila ruhusa inaweza kukuletea maneno na maaskari. Anayetaka kuona kilicho ndani ya Nzilo anaweza kufunga kamera kwenye fimbo ndefu au kamba, kuishusha kutoka kwenye pirogi ya mvuvi mbali na bwawa, na yeye mwenyewe kubaki mkavu. Kwa dakika 10 za video, hiyo inatosha kabisa.

Mashimo ya migodi yaliyojaa maji ni jambo jingine. Maji yake yanaweza kuwa bluu ya kuvutia, hasa kwenye picha za simu. Bluu hiyo inaweza kuwa shaba iliyoyeyuka. Kuta zake zinabomoka, na chini kuna vyuma na nyaya zilizoachwa. Shimo kubwa la KOV lenyewe lilikaa limejaa maji kwa miaka kabla ya kuanza kunyonywa kwa pampu. Hakuna video inayostahili kuingia humo.

Maji ya kuzama ya Congo yako mashariki. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za samaki wadogo wa rangi wa jamii ya cichlidae, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Penye mawe, kama upande wa Moba, jicho linaona mbali. Video nyingi zinazozunguka za samaki hao zimepigwa upande wa Tanzania na Zambia. Upande wetu haujaonekana sana. Maji ya ziwa hilo yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba, mto uleule wa Nzilo.

Huko kamera ifungwe kwa kamba mkononi na ipewe boya dogo. Kasha likiponyoka kwenye mteremko wa mawe, hakuna atakayelifuata. Mzamiaji mpya naye aache kamera nyumbani kwenye mizamo yake ya kwanza: anayeangalia kioo haangalii kipimo cha hewa, wala haoni kwamba ameshuka mita 8 zaidi ya mwenzake. Ziwa liko mita 773 juu ya bahari, na juu ya mita 300 hesabu za kuzama zinabadilika. Mwambie mwalimu wako, na saa ya kuzamia ipangwe hivyo.

Kisha kuna kurudi nyumbani. Baada ya kuzama siku kadhaa, wataalamu wanataka angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mzamo mmoja tu angalau saa 12, ili gesi iliyoingia mwilini itoke polepole. Sheria hiyo haihusu ndege peke yake. Anayetoka ziwani kwa gari kupanda hadi uwanda wetu wa juu naye anaongeza urefu. Zanzibar asubuhi na Lubumbashi jioni ya siku hiyohiyo baada ya kuzama ni hatari kwa viungo na kwa ubongo.

Betri za akiba za kamera na za taa zisiwekwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Zibebwe mkononi, kila moja ncha zake zikiwa zimezibwa kwa utepe.

Na kama safari ni ya wiki 1 mara moja kwa mwaka, uliza kwanza kituo cha kuzamia cha huko kama kinakodisha kamera na kasha. Vingi vinakodisha, na kwa kawaida kuna fundi anayebadilisha pete za mpira zilizochoka.