Mnara Ulioanza Kulala

"Kijana wangu, huu mnara tumeumaliza juzi tu. Umeanza kulala lini?"

Aliyeniuliza ni mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, ameishika picha yangu mbali na uso kama afanyavyo mtu aliyesahau miwani nyumbani. Picha ilikuwa ya kalenda ya kanisa. Mnara wenyewe ulisimama wima, mawe yamechongwa vizuri, lakini kwenye karatasi kuta zilikuwa zinakaribiana juu na mnara umeegemea nyuma kama mlevi aliyepata ukuta. Nikamwambia, "Mzee, nipe wiki moja." Nilichukua karibu mwaka.

Mimi ni mpiga picha wa Chepilat, soko lililokaa mpakani kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, Bomet huku na Nyamira kule. Mteja mmoja anaingia na "Chamgei", anayemfuata na "Bwakire buya", na wote nawajibu kwa Kiswahili kwamba picha ya pasipoti ni dakika kumi. Hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya chumba. Ninayoipenda ni ya majengo: makanisa, viwanda vya chai, nyumba za zamani za mashamba makubwa zenye dohani za mawe.

Kosa langu pale kanisani lilikuwa la kila siku. Nyuma yangu kulikuwa na ua, na nyuma ya ua chai ya watu, kwa hiyo sikuweza kurudi zaidi. Ili mnara uingie, nikainua kamera ikaangalia juu. Kamera ikiinuka, filamu nayo inalala, na filamu isipokuwa sambamba na ukuta, mistari ya wima hukutana juu. Dawa yake ni kuiacha kamera iangalie mbele moja kwa moja, kisha kupandisha lenzi peke yake, kama mtu anayesukuma kidirisha. Kamera ya kawaida haiwezi. Kamera ya kiufundi ndiyo kazi yake: mbele lenzi kwenye ubao wake, nyuma filamu, katikati mvukuto unaokunjika kama kodiani, na skrubu za kupandisha, kushusha na kusogeza kando.

Yangu ni ya mtumba. Mpwa wangu anayeishi Minnesota aliniletea alipokuja likizo, ameiviringisha ndani ya jaketi la baridi. Inatumia filamu ya 120, rolu moja picha 8, kila fremu milimita 56 kwa 84. Ukiilinganisha na fremu ya filamu ndogo tuliyoizoea zamani, ile ya milimita 24 kwa 36, hii ina eneo zaidi ya mara tano. Ndiyo maana unaweza kuikuza picha ikafunika ukuta wa ofisi na bado ukahesabu misumari ya mabati.

Kisha nikafanya kosa la pili, lililonigharimu kuliko la kwanza. Nilinunua upana. Nilidhani mtu asiye na nafasi ya kurudi nyuma anahitaji lenzi pana kuliko zote, nikauza ndama wawili nikaagiza Super-Angulon ya milimita 47, ile ya zamani ya f/5.6, iliyotengenezwa na Schneider wa Ujerumani. Kwenye fremu yangu lenzi hiyo inaona kama milimita 20 inavyoona kwenye kamera ndogo. Ni pana kweli. Namba ambayo sikuiuliza ni ya duara.

Kila lenzi hutupa picha ya mviringo. Filamu ni mstatili tunaoukata ndani ya mviringo huo. Chukulia chapati na kadi ya simu: ukitaka kuisogeza kadi juu bila kona zake kutoka nje, chapati lazima iwe kubwa kuliko kadi kwa kiasi cha kutosha. Mshazari wa fremu yangu ni milimita 101. Duara la ile 47 ni milimita 123 tu, tena kitundu kikiwa kimebanwa hadi f/22. Ukipiga hesabu, fremu ikiwa imelala, naweza kupandisha lenzi milimita 17 hivi, basi. Lenzi ya milimita 65 ya ukoo huohuo, ile nyepesi ya f/8, ina duara la milimita 155, nayo inanipa milimita 37. Ndugu yake wa f/5.6 ana duara la 170 na nafasi inakaribia 46. Grandagon ya 65 kutoka Rodenstock nayo ni 170.

Mnara wa mzee una mita 14. Nikiwa mita 20 na lenzi ya 65, kamera ikiwa sawasawa, fremu inaishia mita 10 juu ya ardhi; msalaba wote unakatwa. Nikipandisha lenzi milimita 15, fremu inafika mita 14 na zaidi kidogo. Nimebakiwa na nafasi tele. Nikitaka mnara uwe na ukubwa uleule kwa lenzi ya 47, nisogee hadi mita 14 na nusu, na bado nipandishe milimita 15 zilezile, safari hii kati ya 17 nilizo nazo. Hapo nakula ukingo wa chapati, palipoungua.

Nisikilize vizuri hapa, maana wengi hawakioni mpaka filamu isafishwe. Ingia chini ya kitambaa cheusi (mimi natumia kitenge cha mama kilichopauka, nimekikunja mara mbili), subiri macho yazoee giza. Kwenye kioo cha kulengea utaona kanisa limepinduka, miguu juu, linang'aa katikati na kufifia pembeni. Kona za kioo zimekatwa makusudi. Weka jicho kwenye tundu la kila kona, utazame lenzi kutokea ndani. Ukiona kitundu cha lenzi ni cha duara au yai, mwanga unafika. Kikiwa chembamba kama jicho la paka, kona hiyo itatoka nyeusi. Endelea kubana kitundu mpaka jicho la paka lifunguke. Lisipofunguka, shusha lenzi. Kazi yote haifiki dakika moja.

Hata mwanga ukifika, haufiki sawa. Kwa 47 kwenye fremu yangu, kona hupata kama theluthi moja ya mwanga wa katikati, na anga la Kericho baada ya mvua ya alasiri hukufichulia aibu hiyo waziwazi. Kuna kichujio cha kioo chenye kivuli katikati kinachosawazisha mambo, lakini kinakula mwanga na bei yake inakaribia ya lenzi yenyewe. Kwa 65 mara nyingi naishi bila hicho. Halafu kuna tatizo la mvukuto: 47 inakaa karibu sana na filamu, mvukuto unabanwa ukakakamaa, skrubu ya kupandisha inagoma. Utahitaji ubao wenye kishimo. Muuzaji hakuambii hayo.

Lenzi hizi, kwa njia, zina ukoo na ramani. Mrusi Mikhail Rusinov aliomba hataza ya umbo lao mwaka 1946, akilenga picha za kutoka angani: vioo viwili vikubwa vilivyotokeza, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama macho ya chura yaliyopachikwa kisogo kwa kisogo. Super-Angulon zilifuata miaka ya 1950. Mwenye kamera ya dijitali ya aina hii ana hesabu nyingine, kwa sababu mwanga unaoingia kwa mshazari mkali hutia rangi za ajabu pembeni ya kihisi. Ndiyo maana Rodenstock walitengeneza Digaron-W za milimita 32 na 40, duara 90 kila moja, kwa ajili ya vihisi. Mimi si wa daraja hilo.

Somo lililobaki nilifundishwa na jengo. Kathidro ya Moyo Mtakatifu mjini Kericho, iliyochorwa na ofisi ya John McAslan ya London na kumalizika mwaka 2015, ina paa refu la vigae vya udongo juu ya matao kumi ya zege. Kila tao ni kubwa na refu kuliko lililotangulia, kwa hiyo ukitoka mlangoni kuelekea altareni jengo linakufungukia. Nilipanda matatu nikapita Sotik, Kapkatet na Litein, nikaomba ruhusa, nikafunga 47 mlangoni. Ilikuwa aibu. Lenzi pana hukuvuta usimame karibu, na ukisimama karibu, kilicho karibu hukua na kilicho mbali hunywea, kwa hiyo matao madogo ya mlangoni yakawa makubwa, na makubwa ya altareni yakanywea. Jengo lililokusudiwa kufunguka lilijifunga. Nilirudi na 90 ya kuazima, nikasimama nyuma zaidi kadiri nafasi ilivyoruhusu. Ilichukua upana mdogo zaidi, lakini kila tao lilipanda juu ya mwenzake.

Ukinunua ya mtumba, imulike kwa tochi kutokea nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa huku kwetu unailisha, achana nayo. Vidoadoa vyeupe kwenye ukingo wa ndani wa lenzi za Schneider ni rangi iliyobambuka, havina madhara, vitumie kupunguzia bei. Weka shata sekunde moja, usikilize: ikisita katikati, ongeza gharama ya fundi.

Mzee alipata mnara wake, kwa 65, nao umetundikwa ofisini. Ile 47 imo kwenye mkebe wa maziwa ya unga pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Mwaka huu nimeitoa mara mbili, zote ndani ya vyumba vya madarasa.