Ukuta wa chaki na daftari la winguni

Katika karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, ukuta wa nyuma ndio uliokuwa ofisi ya fundi. Kila kazi iliyoingia ilichorwa pale kwa chaki: puli ya mashine ya kukoboa mpunga, kibao cha kufungia mota, bawaba za geti, na kando yake vipimo vya milimita vikigongana na vya inchi. Mteja akirudi baada ya mwaka, fundi alisogeza mabomba yaliyoegemezwa ukutani, akautafuta mchoro, kazi ikaanza. Kisha, siku chache kabla ya Idi, mwenye nyumba akaleta wapaka rangi. Jioni ukuta ulikuwa mweupe pe.

Hazikupita wiki mbili, simu ikaita kutoka Mbarali. Mteja alitaka kibao cha mota "kama kile cha mwaka jana, mzee." Kile cha mwaka jana kilikuwa chini ya rangi. Ikabidi kipande kilichovunjika kiletwe kwa basi, kipimwe upya, kikatwe kingine, nacho kirudi kwa basi. Siku nne mashine ya kukoboa ililala, na ulikuwa msimu wa mavuno.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo nacho ni mali, na mafundi wetu wengi huiweka mali hiyo kichwani, ukutani au nyuma ya kipande cha boksi. Makala haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA, na kwa mwalimu anayetafuta pa kuanzia. Nazungumzia programu za kuchora vifaa kwa kompyuta ambazo kazi yake hukaa winguni, yaani kwenye seva zinazofikiwa kwa intaneti. Nimezitumia na nimekaa na wanaojifunza. Ninachokiamini ni kwamba mtu aliyezoea kushika futi na venia ameshalimaliza nusu ya somo kabla ya kuwasha kompyuta.

Safari ya miaka sitini

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta iliyoitwa TX-2. Kalamu iliwashangaza watu, lakini hazina ilikuwa kwingine: aliweza kuiamuru mashine kwamba mistari hii miwili iwe sambamba, au kwamba huu ulingane na ule, na mashine ikaitii amri hiyo hata mchoro ulipovutwa huku na kule. Kila programu nitakayoitaja hapa imesimama juu ya wazo hilo.

AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, iliishusha kazi ya uchoraji hadi kwenye kompyuta ndogo za mezani. SolidWorks ikafuata mwaka 1995 na kuwawezesha watumiaji wa Windows kuchora umbo lenye unene na kina badala ya mistari mitupu. Mwanzilishi wake, Jon Hirschtick, baadaye aliungana na wenzake kuunda Onshape, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2015 na kununuliwa na kampuni ya PTC mwaka 2019 kwa dola milioni 470. Onshape haisakinishwi kwenye kompyuta yako. Unafungua kivinjari kama unavyosoma gazeti mtandaoni, unaingiza barua pepe na neno la siri, unachora.

Ipi ya kuanzia?

Kwa mtoto wa shule, au mtu mzima asiyewahi kuchora chochote, Tinkercad inatosha. Ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na umbo hujengwa kwa kupanga vipande na kutoboa vingine, kama mtoto anavyofinyanga udongo.

Mwenye kompyuta mpakato ya kawaida aende Onshape. Mahesabu mazito hufanywa na seva, kompyuta yako inaonyesha picha tu. Humo hakuna kitufe cha kuhifadhi, kwa sababu kila unachogusa huhifadhiwa papo hapo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utaikuta kesho pale ulipoiacha, na unaweza hata kurudi nyuma hadi mchoro ulivyokuwa juzi. Watu wawili wanaweza kuchora waraka mmoja kwa wakati mmoja, mmoja akiwa Dar es Salaam na mwingine Morogoro.

Anayetaka mchoro wake uendeshe mashine ya kukata inayofuata kompyuta, atazame Fusion ya Autodesk, ambayo hadi mwanzoni mwa mwaka 2024 iliitwa Fusion 360. Hiyo inasakinishwa, inataka Windows au Mac yenye nguvu kiasi, na mafaili yake hukaa winguni. Faida yake kwetu ni kwamba ukishafungua kazi unaweza kuendelea bila intaneti kwa muda wa hadi wiki mbili.

Kabla ya yote, nunua mausi yenye gurudumu. Nimeona watu wakikata tamaa siku ya kwanza kwa sababu walikuwa wakigeuza umbo kwa kidole kwenye kibao cha mguso. Simu nayo ina kazi yake: Onshape ina programu ya Android na ya iPhone, nzuri ya kufungulia mchoro na kusomea kipimo ukiwa kando ya grenda. Kuchorea kwenye kioo kidogo kunachosha.

Kibao cha kwanza

Usianze na gari wala nyumba. Anza na kibao cha mota: bapa la chuma la milimita 120 kwa 80, unene wa milimita 6, tundu kubwa katikati na matundu manne ya bolti pembeni. Tuseme unatumia Onshape.

Chagua uso wa juu kati ya nyuso tatu unazopewa, kisha bonyeza kitufe cha "Sketch". Vitufe havijaandikwa kwa Kiswahili, lakini kila kimoja kina picha, na baada ya wiki moja utavizoea kama alama za barabarani. Chora mstatili unaoanzia kwenye kitovu cha ukurasa. Usihangaike na ukubwa, ukosee tu. Mistari itakuwa ya buluu, na buluu maana yake ni kwamba mistari bado inaelea, ukiivuta inakuja.

Sasa weka vipimo. Gusa upande mrefu, andika 120. Gusa mfupi, andika 80. Mistari inageuka myeusi, yaani imekaa, haivutiki tena. Hapo ndipo wanaoanza huteleza: huchora kwa macho, wakaona mchoro unapendeza, wakaendelea huku nusu ya mistari ikiwa buluu. Baadaye wakigusa kitu kimoja, vyote vinahama. Jifunze kuichukia buluu. Usifunge mchoro kabla haujawa mweusi wote.

Weka duara la kipenyo cha milimita 50 katikati, kisha maduara manne kwenye kona. Bolti ikiwa M10, tundu la milimita 11 linaipitisha vizuri. Liambie duara la kwanza likae milimita 15 kutoka kila ukingo wa kona yake. Matatu yaliyobaki usiyapime tena. Yape masharti: yalingane na la kwanza kwa ukubwa, yawe mkabala nalo kwa mlalo na kwa wima, kwa umbali uleule kutoka kitovuni. Masharti hayo ndiyo yaleyale aliyoyatafuta Sutherland mwaka 1963. Fundi mzuri huyafanya kila siku kwa macho anaposema tundu hili litazamane na lile, na kompyuta inataka ayatamke tu.

Ukimaliza, bonyeza "Extrude", andika 6, na bapa linapata unene. Kona nne zilainishe kwa nusu kipenyo cha milimita 10. Umechora kifaa. Kwa mara ya kwanza huenda ikakuchukua saa nzima. Kibao cha tano kitakuchukua dakika kumi.

Namba moja ikibadilika

Siku mteja akisema mota yake mpya inafungwa kwa bolti za M12, karatasi ingekutaka uchore upya. Hapa unafungua mchoro, unabadilisha 11 kuwa 13.5 kwenye duara moja, na matundu yote manne yanapanuka kwa sababu ulikwisha kuyafunga kwa sharti. Unene ukiwa haba, badilisha 6 kuwa 8. Hatua zote ulizopita zimepangwa kandoni kama orodha, na kila moja unaweza kuirudia na kuisahihisha bila kubomoa zilizofuata. Ukuta wa chaki usingeweza kukupa hilo hata kama usingepakwa rangi.

Wasio na mashine za kisasa huniuliza mchoro huo watauchongea nini. Jibu liko steshenari ya mtaa. Kibao cha 120 kwa 80 kinaenea kwenye karatasi ya A4. Toa mchoro kwa ukubwa halisi, uhifadhi kama PDF, umwambie kijana wa steshenari asiiruhusu mashine kuupunguza ili utoshee ukurasa. Kabla hujaondoka pale, pima kwa rula: upande ulioandikwa 120 uwe 120 kweli. Bandika karatasi juu ya chuma, piga alama za vitovu vya matundu kwa panchi na nyundo, kisha toboa. Wenye uwezo wa kufikia printa ya maumbo watatoa faili la STL, na wanaopeleka kazi kwenye mashine ya kukata kwa leza au plazma watatoa DXF.

Masharti ya bure

Sasa niseme lile ambalo matangazo hayalitilii mkazo. Akaunti ya bure ya Onshape si ya biashara, na kila unachokichora humo kiko wazi: mtu yeyote anaweza kukitazama na kukinakili. Usiweke humo kazi ya siri ya mteja. Fusion ya matumizi binafsi nayo si ya biashara, na inakuruhusu kuwa na michoro kumi tu inayoharirika kwa wakati mmoja. Wanafunzi na walimu wanaostahiki hupata leseni za elimu bila malipo. Fundi anayeuza kazi zake ana njia mbili za haki: alipe leseni, au ajifunzie kwenye hizi kisha ahamie FreeCAD, programu huria ambayo hailipishwi hata kwenye biashara na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. FreeCAD hukaa kwenye kompyuta yako, lakini mafaili yake unaweza kuyatunza kwenye hifadhi yoyote ya mtandaoni. Kanuni zake za kuchora ni zilezile, kwa hiyo ulichojifunza hakipotei.

Jambo la pili ni intaneti yenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokwama vibaya. Aliyekuwa na kazi yake yote winguni alikaa akitazama kivinjari kinachozunguka. Wingu ni daftari zuri, lakini daftari lisiwe moja. Kila kazi ikikamilika, toa nakala ya STEP na PDF yenye vipimo, uviweke kwenye flashi. STEP hufunguliwa na karibu kila programu ya aina hii. Kasoro yake ni kwamba hubeba umbo bila kubeba hatua na masharti uliyoyaweka, na ndiyo sababu PDF ya vipimo lazima iambatane nayo.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vya ufundi ni moja: leseni za elimu zipo, zifungulieni madarasa yenu, na mtihani wa kuchora umtake mwanafunzi abadilishe kipimo kimoja na kifaa kizima kifuate bila kuharibika. Anayeweza hilo ameelewa. Wenye karakana nao wampe kijana mmoja saa mbili kila Jumamosi akae na kompyuta, maana ndiye atakayewatunzia vipimo.

Nawe msomaji, wikiendi hii chukua kitu kimoja ambacho umewahi kukipima zaidi ya mara moja: bawaba, kishikio cha tangi, mguu wa meza. Kipime kwa mara ya mwisho, ukichore, ukipe jina na tarehe. Kesho chora kingine. Vikifika ishirini utakuwa na kitu ambacho karakana nyingi za nchi hii hazina: kumbukumbu ambayo haifutwi na rangi ya Idi.