Wino, Penseli na Maji ya Meru

Chora mistari miwili myeusi kwenye kipande cha manila: mmoja kwa felt peni ya watoto, mwingine kwa wino wa chupa uliotengenezwa kwa masizi. Iache ikauke kabisa, kisha pitisha juu yake brashi iliyolowa. Mstari wa felt peni utavuja, na pembeni utaona zambarau, bluu, pengine na manjano, kwa sababu weusi ule ulikuwa mchanganyiko wa rangi kadhaa zilizoyeyushwa, na kila moja husafiri na maji kwa kasi yake. Mstari wa masizi hautatikisika. Ukiigusa kabla ya brashi, yote miwili ni mikavu vilevile. Ila mmoja ulipoteza maji tu; mwingine ulipoteza na uwezo wa kuyarudia.

Mchoraji wa Sokon I, Arusha, anayetazama Mlima Meru upande wa kaskazini, na anayetaka kuuchora kwa tabaka za wino na penseli, anacheza na tofauti hiyo mwanzo hadi mwisho.

Wino wa masizi wa kuchorea mara nyingi hufungwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand. Shelaki haiyeyuki kwenye maji matupu, hivyo watengenezaji huiyeyusha kwa maji yenye amonia au boraksi. Amonia ikishapaa, chembe za kaboni hubaki zimenaswa ndani ya utando unaoyakataa maji. Ukiuosha kwa maji ya magadi utalainika, kwa hiyo usimwamini sana muuzaji anayekuambia wino huu hauondoki kwa chochote.

Penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji zina tabia nyingine. Kampuni ya Caran d'Ache ya Geneva ilitoa za kwake, Prismalo, mwaka 1931. Ndani ya penseli ya aina hii mna chembe za rangi, udongo mweupe, nta kidogo na gundi inayopenda maji. Gundi hiyo, sawa na ile ya mgunga, hata ikikaa mwaka mzima, tone moja huiamsha. Ndiyo maana penseli ikitangulia na wino ukafuata kwa brashi, vyote huchanganyika na picha ikawa tope. Wino wa masizi ukitangulia, penseli inaweza kupakwa juu yake, kulowanishwa, hata kupunguzwa kwa kitambaa kibichi, na mistari ya chini ikabaki pale pale. Mtego uliobaki ni nta: ukikandamiza penseli mno, wino utakaoongeza baadaye utajikusanya matone matone kama umande juu ya jani la mgomba.

Halafu kuna ule ukingo. Unataka bluu inayofifia taratibu kuelekea kileleni. Unapata doa lililozungukwa na mstari mzito usiouchora. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza chanzo chake kwa kuchunguza matone ya kahawa. Ukingo wa tone hung'ang'ania mahali pake, na maji hupaa haraka zaidi hapo. Maji ya katikati hukimbilia pembeni kuziba pengo, yakibeba chembe za rangi. Arusha, kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400, jua la Januari humaliza kazi hiyo kabla brashi haijarudi. Julai, kukiwa na baridi na mawingu, doa hukaa bichi na unapata muda wa kulisambaza. Januari basi, lowanisha karatasi kwanza kupita eneo unalolipaka, rangi ikose ukingo wa kushika. Manila itajikunja, maana nyuzi zake hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo ibane kwa selotepu pande zote nne.

Maji yenyewe nayo yana neno. Miamba ya volkano ya Meru huyapa maji ya chemchemi na visima vingi chumvi za sodiamu na madini ya floraidi, yale yanayoacha meno ya kahawia. Maji yenye asili ya magadi hubadilisha rangi za mimea: juisi ya rozela, nyekundu kwenye ndimu, huelekea bluu ukiitia magadi. Anayejitengenezea wino wa rozela afadhali akinge maji ya mvua.

Ngurdoto, mashariki ya jiji, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na kichujio chake ni mifupa ya mifugo iliyochomwa kwa hewa kidogo mpaka ikawa mkaa. Wachoraji wanaufahamu mkaa huo kwa kazi nyingine. Ukisagwa ndiyo rangi nyeusi ya mifupa, ambayo hadi leo madukani huuzwa kwa jina la pembe za ndovu. Kaboni yake ni kidogo kuliko ya masizi na chembe zake ni kubwa zaidi, ndiyo maana hutuama chini ya chupa. Tikisa kwanza.