UTANDO MWEUPE MDOMONI



Barabara ya kutoka Vurra, mpakani mwa Kongo, kupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Madereva, utingo na wapakiaji wanaoitumia hula njiani na kulala po pote. Mmoja akianza kuuacha ugali wa muhogo kwa sababu kinywa kinamwasha, wenzake husema ni pilipili au sigara. Huenda ni kweli. Hata hivyo, atazame kinywa chake kwenye kioo.

Akiona madoa meupe kama maziwa yaliyoganda, juu ya ulimi au ndani ya mashavu, na akiyakwangua yanatoka na kuacha wekundu unaouma, basi yaelekea ni kandida. Hiki ni kiumbe cha jamii ya hamira. Huishi vinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru, maana kinga ya mwili hukizuia. Kinga ikilegea, huzaana.

Kwa hiyo la kuulizwa kwanza ni hili: kinga imelegezwa na nini? Mtoto mchanga kupata utando si ajabu. Mwenye kisukari, mzee mwenye meno ya bandia, mwenye pumu avutaye dawa ya steroidi bila kusukutua, hao nao hupata. Lakini kijana mwenye nguvu zake akipata bila sababu kama hizo, hana budi apimwe virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani limeuweka utando usiokwisha katika hatua ya 3 ya ugonjwa huo, kati ya hatua 4. Ukishuka kwenye umio, kumeza kukawa maumivu, hiyo ni hatua ya 4.

Wengi wetu hukimbilia duka la dawa. Mtu hupaka dawa ya zambarau, rangi inaficha utando, naye huyo safarini! Dawa hiyo husaidia, na nistatini pia, lakini hazitibu kilicho kwenye umio. Huko hutakiwa flukonazoli siku 14 hadi 21, kwa maagizo ya mganga. Tena utando utarudi kama kinga haikurudi. Uganda ilianza kutoa dawa za virusi bila malipo mwaka 2004, na tangu 2016 aliyekutwa navyo huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Arua ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Msafiri aulize kama anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa.

Wengine hawaendi kwa kuhofia kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi, na Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema asilazimishwe kupimwa wala kutaja hali yake. Mwajiri akidai cheti cha kipimo, usitie sahihi cho chote. Mwone kwanza katibu wa tawi lako, naye hana haja ya kujua unaumwa nini.