Mguu Mwepesi Hautoshi Rwenzori

Asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma bonde letu la Muhokya, barabara iendayo Kasese hujaa vijana wanaokimbia. Baadhi yao ni wanafunzi, baadhi ni watoto wa askari, na wengine ni askari wenyewe walio likizoni. Hamu hiyo imezidi tangu mashindano ya marathoni ya Rwenzori yalipoanza mjini Kasese mwaka 2022. Hili ni jambo la kufurahisha wazazi, kwani kijana anayelala mapema ili aamke kukimbia hana nafasi ya kukesha penye pombe.

Lakini wapo vijana ambao sasa hawatosheki na barabara. Wanautazama mlima uliofunikwa na mawingu na kusema kwamba mkimbiaji wa kweli ni yule atakayekimbia hadi kwenye theluji. Kwao, na kwa mama zao na wake zao, nimeona yafaa nieleze niliyoyaona kwa macho yangu.

Ndugu msomaji, hebu kwanza tuujue mlima wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilianzishwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 1,000. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, na barani Afrika kinazidiwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Wakonzo, wenyeji wa mlima, huiita theluji Nzururu, na wazee wao husimulia kwamba huko juu ndiko akaako Kitasamba, mwenye mlima.

Mtu apandaye hupita kwanza msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha miti iliyovaa ukungu na kuvumwani, na mwisho hufika penye lobelia na senesio, mimea mirefu kuliko mtu. Njia ni mizizi, mawe yenye utelezi na matope yanayoweza kumeza mguu hadi gotini. Ndiyo maana wapandaji wengi wa Rwenzori huvaa mabuti ya mpira.

Safari yetu

Miaka michache iliyopita shemeji yangu, ambaye ni askari, alikuja likizo nyumbani kwetu. Alikuwa kijana mwenye afya njema. Aliweza kukimbia kutoka Muhokya hadi Kasese na kurudi, kisha akachanja kuni. Tulikubaliana kuupanda mlima tukiwa na kiongozi wa njia, mzee wa Kikonzo aliyeanza kazi hiyo tangu ujana wake.

Siku ya kwanza tulitoka Nyakalengija, tukalala Nyabitaba, mahali palipo juu ya mita 2,600. Siku ya pili tulivuka mto na kupanda hadi kibanda cha John Matte, kama mita 3,400. Kila njia ilipofunguka kidogo, shemeji alikimbia mbele akatungoja juu ya jiwe huku akicheka. Mzee alimwambia kwa upole, "Afande, mlima haukimbii. Utaukuta palepale."

Siku ya tatu tulipita mabwawa ya Bigo kuelekea Ziwa Bujuku, karibu mita 4,000. Shemeji alifika wa kwanza, akiwa amelowa jasho na mvua. Sisi tulipofika tulimkuta ameinama, ameshika kichwa. Alikataa chakula. Alitapika. Nami nilidhani ni uchovu, nikamwambia alale kidogo.

Mzee hakuridhika. Alimwomba atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Kijana yule aliyezoea gwaride aliyumba kama mlevi. Mzee akasema, "Tunateremka sasa hivi."

Shemeji alikasirika. Akauliza atarudije kikosini kusema kwamba ameshindwa na maumivu ya kichwa. Nami, nikikiri kosa langu, nilisita. Giza lilikuwa linaingia na mvua inanyesha, na sikutaka kumwaibisha ndugu wa mke wangu mbele ya wapagazi. Nikasema tungoje asubuhi. Mzee akanitazama akaniambia, "Mwalimu, kesho asubuhi utambeba. Leo bado anatembea."

Tulivaa nguo kavu, tukawasha tochi, tukateremka tukimshika mikono. Tulifika John Matte usiku wa manane. Kabla ya jua kuchomoza aliomba chai. Nilipomsimulia mke wangu tuliporudi, alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Na kama mngengoja, mama ungemwambia nini?" Sikuwa na jibu.

Sababu yake ni nini?

Kadiri tunavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Penye mita 4,000, kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu, au pungufu kidogo, ya oksijeni tunayoipata bondeni. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini hutaka siku, wala hautii amri. Misuli yenye nguvu haimkingi mtu. Kinyume chake, mwenye nguvu huwa hatarini zaidi, kwani miguu yake humfikisha juu kabla damu na mapafu yake hayajajiandaa.

Dalili za kwanza ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukataa chakula. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zimwishe. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa amekaa, maji yanajikusanya katika ubongo au mapafu, na anaweza kufa. Dawa iliyo kuu ni kuteremka mara moja, iwe mchana au usiku. Wataalamu hushauri kwamba juu ya mita 3,000 mtu asilale kila usiku zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana, na apumzike siku moja baada ya kila siku tatu au nne.

Adui wa pili ni baridi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi kama sita. Mkimbiaji aliyelowa jasho, akisimama kwenye upepo akiwa na fulana ya pamba, hupoteza joto la mwili upesi. Akianza kutetemeka na kuropoka, avuliwe nguo mbichi, afunikwe, na kama yu macho na anaweza kumeza, anyweshwe kitu cha moto chenye sukari. Asipewe pombe kamwe.

Basi tukimbie wapi?

Sisemi vijana wasikimbie. Vilima vya chini, kati ya bonde na mpaka wa hifadhi, ni uwanja uliotosha. Joshua Cheptegei wa Polisi na Stephen Kiprotich wa Magereza, waliotuletea dhahabu za Olimpiki, ni wana wa miteremko ya Mlima Elgon, na hawakuhitaji theluji. Victor Kiplangat alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani huko Premana, Italia, mwaka 2017, kisha mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest. Mlima wa kiasi ulimjenga mkimbiaji wa barabara.

Anayeanza akimbie kilimani mara mbili kwa wiki. Penye mwinuko mkali atembee, mikono juu ya mapaja. Hiyo si aibu, hata mabingwa hufanya hivyo. Akiteremka apige hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na macho yatazame mbele ya miguu.

Na atakayeingia hifadhini aende na kiongozi wa njia na atii neno lake. Nawe mama au mke, kabla hajaondoka, angalia mzigo wake: sweta ya sufu, koti la mvua, soksi na nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni, tochi, karanga, ndizi na sukari. Muulize pia siku atakayorudi, na njia atakayopita.

Shemeji yangu bado anakimbia. Kila likizo huwachukua vijana wa jirani kwenye vilima vilivyo nyuma ya Muhokya. Zamani alikuwa akifika juu wa kwanza. Siku hizi hukimbia nyuma kabisa, pamoja na yule aliyechoka kuliko wote, na kumwuliza kama kichwa kinamwuma.