Je, Wajua? Kijana wa Marekani na Saa za Kazi

Marekani, sheria ya kazi iliyopitishwa mwaka 1938 inamlinda mwanafunzi anayeajiriwa. Kijana wa miaka 14 au 15 anayefanya kazi dukani au mgahawani amewekewa mipaka hii:

• Siku ya shule hafanyi kazi zaidi ya muda wa saa 3. Siku isiyo ya shule, saa 8.

• Wiki ya shule, jumla isizidi saa 18. Wiki ya likizo, saa 40.

• Haanzi kabla ya saa 1 asubuhi wala hapiti saa 1 jioni. Kuanzia Juni 1 hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, anaruhusiwa hadi saa 3 usiku.

Akitimiza miaka 16, sheria ya taifa haimwekei tena kikomo cha saa, ila kazi za hatari hubaki marufuku hadi afikishe 18. Jimbo likiwa na sheria kali zaidi, hiyo ndiyo inayofuatwa.

Mzazi uliye huko, mwanao akipata kibarua, kagua ratiba yake kabla hajaanza. Ujira usimnyang'anye mtoto masomo na usingizi wake.