Tusingoje Misuli ya Paja Ichanike

Kila ufikapo msimu wa mashindano ya kandanda wilayani Magu, kuanzia Kisesa hadi Kahangara, watazamaji hushuhudia tukio moja ambalo wamekwisha kulizoea. Winga anaukimbilia mpira uliopigwa mbele yake. Hakuna aliyemkaribia, seuze kumgusa. Mara anasita, anashika nyuma ya paja na kuketi chini. Pembeni huanza minong'ono kwamba ametupiwa kitu na wapinzani. Wengine husema ni bahati mbaya tu. Maelezo yote mawili hupendwa kwa kuwa hayamdai mtu yeyote kazi ya kufanya.

Kinachotokea kinaeleweka. Mtu akimbiapo kwa kasi, mguu unapotupwa mbele, misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayouzuia kabla unyayo haujatua. Hufanya kazi ya breki huku yenyewe ikivutwa. Ikiwa ni dhaifu, imechoka au ingali baridi, nyuzi zake huchanika. Ndiyo maana ajali hii hutokea zaidi kuelekea mwisho wa kila kipindi. Hata klabu tajiri hazijapona: miongoni mwa klabu kubwa za Ulaya zilizochunguzwa kwa miaka mingi, majeraha haya yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na yakafikia asilimia 24 msimu wa 2021/22.

Lakini mchezaji wa huko akiumia huendelea kulipwa mshahara. Kijana wa Ijinga au Ukara, ambaye usiku ni mvuvi wa dagaa na alasiri ni mshambuliaji, hana mshahara wa namna hiyo. Paja likichanika hawezi kusukuma mtumbwi wala kuvuta nyavu, na nyumbani kwake watu hula kutokana na nguvu za miguu hiyo hiyo. Tena huyu ndiye aliye hatarini zaidi. Amekesha ziwani, kisha amevuka maji akiwa amekunja magoti kwa muda mrefu. Anashuka mwaloni, anavaa jezi, na filimbi inapulizwa.

Kinga ipo, nayo haihitaji fedha. Mchezaji hupiga magoti mahali palipo laini, mwenzake akamshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Akiwa amenyooka kutoka magotini hadi kichwani, hujishusha mbele polepole, akijizuia kwa misuli ya mapaja hadi itakaposhindwa, kisha hujidaka kwa mikono. Wadenmark walilijaribu zoezi hili kwa wachezaji 942 wa timu 50, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Timu zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida zilipata majeraha 52 ya nyuma ya paja. Zilizoongeza zoezi hili zilipata 15. Walianza na mara tano tano, awamu mbili, siku moja tu katika juma la kwanza, wakaongeza kidogo kidogo kwa majuma kumi. Anayeanza kwa pupa atapata maumivu ya kumkatisha tamaa. Wala lisifanywe siku ya mechi. Siku hiyo mchezaji apashe mwili moto kwa kukimbia taratibu, kisha kwa kasi inayopanda.

Hatuna budi kusema neno pia juu ya kukanda. Aliyeumia leo huchuliwa kwa nguvu na kumwagiwa maji ya moto papo hapo. Katika siku mbili tatu za mwanzo jambo hilo huweza kuzidisha damu na uvimbe ndani ya msuli. Apumzishwe, afungwe bendeji, awekewe barafu iliyozungushiwa kitambaa. Na barafu ya samaki, ashukuriwe Mungu, haikosekani katika mialo mikubwa. Kisha asirudishwe uwanjani kwa sababu tu ameanza kutembea bila kuchechemea. Katika klabu zile za Ulaya, zenye madaktari wao, karibu jeraha moja kati ya matano lilikuwa la kurudia, na mengi ya hayo yalitokea ndani ya miezi miwili ya kurudi mchezoni.

Maafisa michezo na maafisa elimu wana sehemu yao. Walimu wa michezo wafundishwe zoezi hili majuma kumi kabla ya UMITASHUMTA na UMISETA, si siku ya kupanda gari kwenda kambini. Waandaaji wa ligi nao, wanapopanga ratiba, wahesabu na maji. Timu ya nchi kavu hufika uwanjani kwa baiskeli na bodaboda, imekwisha kunyoosha viungo. Ya kisiwani hutegemea upepo na injini. Tunapendekeza kanuni za mashindano ziseme wazi kwamba timu iliyovuka ziwa haitaanza mchezo kabla ya saa moja kupita tangu ishuke chomboni, na kwamba mwamuzi asiihesabu saa hiyo kuwa ni uchelewaji.